Je, Wajua? Chuo, Kiwanda na Serikali Vikishikana, Hupimwaje?

Je, wajua kwamba ushirikiano wa vyuo vikuu, viwanda na serikali una hesabu yake? Katika miaka ya 1990, watafiti Henry Etzkowitz na Loet Leydesdorff walieleza kuwa ubunifu hushamiri pale watatu hawa wanaposukwa pamoja. Baadaye Leydesdorff alichukua kanuni ya mwanahisabati Claude Shannon ya mwaka 1948, inayopima taarifa kwa biti, akaitumia kwa makampuni: yako wapi, yana ukubwa gani, yanafanya nini. Jibu likishuka chini ya sifuri, ni habari njema: ushirikiano umekolea.

Je, wajua kwamba hesabu hiyo ilipofanywa Norway, pwani ya magharibi, yenye mafuta na kazi za baharini, iliipita kwa ushirikiano miji ya vyuo vikuu ya Oslo na Trondheim? Makambako, mji wa njia panda na stesheni ya reli ya TAZARA, una sababu ya kulitafakari hilo: si lazima uwe mji wa chuo kikuu ili ushirikiano ukolee.

Kwa upande wa serikali yetu, wajua kwamba SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa Sheria Na. 7 ya 1986?

Na kwa upande wa viwanda, je, wajua kwamba kampuni ya TANWAT ya Njombe, iliyoanza mwaka 1949, iliota mizizi kwa tanini ya magome ya miwati, dawa ya kusindika ngozi?

Kwa jirani zetu wa Mufindi, Taasisi ya Utafiti wa Chai iliundwa mwaka 1996 na wenye mashamba pamoja na serikali. Kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walikuwa Ngwazi, hukohuko Mufindi, wakipima mche wa chai unahitaji maji kiasi gani kiangazi. Swali la shambani, jibu la shambani. Huo ndio ushirikiano!

Na Zanzibar, tangu 2006, wakulima wa mwani wameungana na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwani uliokuwa ukiuzwa mkavu ukasagwa unga, ukaingia kwenye sabuni.

Je, wajua kwamba Fahirisi ya Ubunifu Duniani, iliyoanza 2007, imekuwa ikipima ukaribu wa vyuo na viwanda kwa maoni ya wakuu wa makampuni? Mkulima wa viazi mviringo haulizwi. Hilo ni pengo kubwa.

Basi wewe mwenye shamba au karakana ya mbao Makambako, peleka swali lako SIDO au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kisha udai jibu.