Taa ya Mbele ya Baiskeli: Ipi Inunuliwe kwa Safari za Usiku?



Jua la pwani yetu halina desturi ya kuaga kwa muda mrefu. Mjini Mombasa huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dakika 20 au zaidi kidogo zikipita, njia zisizo na taa za barabarani huwa zimeshaingia giza. Anayefunga duka Mtwapa akasali magharibi ndipo apande baiskeli, mwanafunzi anayerudi kutoka chuoni baada ya isha, askari wa zamu katika hoteli za Diani, mvuvi anayeteremka ufukweni kabla ya alfajiri: wote hawa husafiri gizani kila siku. Na nyumbani kuna mtu anayewasubiri, aghlabu mama au mke, ambaye hatulii mpaka asikie kengele ya baiskeli uani. Kwa vile katika nyumba nyingi yeye pia ndiye anayeshika fedha za matumizi, ni haki yake kujua fedha ya taa inanunua kitu gani.

Akina mama huuliza: taa ipi ni kali zaidi? Swali hili linataka kunyooshwa kidogo, kwani ukali peke yake haujamfikisha mtu nyumbani.

Taa ya mbele ina kazi mbili, na aliyezichanganya hununua vibaya. Kazi ya kwanza ni kumfanya mwenye baiskeli aonekane na wengine. Katika mitaa ya mji yenye taa za barabarani, kazi hiyo hutimizwa na taa ndogo ya lumeni 50 hadi 100, ya bei nafuu, maadamu inawaka sawasawa. Kazi ya pili ni kumwezesha yeye mwenyewe kuona njia: shimo, mchanga uliojikusanya ukingoni, mbuzi aliyelala barabarani, mtu aliyevaa nguo nyeusi. Kwa njia ya giza kamili, kama zile zinazotoka barabara kuu ya Malindi kuingia vijijini, inahitajika taa ya lumeni 300 hadi 600 iliyoelekezwa vizuri. Zile za lumeni 1,000 na zaidi zimekusudiwa wapanda milima na misitu, ambako hakuna anayekuja kutoka upande wa pili.

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa. Kipo kipimo kingine, laksi, kinachotaja kiasi cha mwanga unaofika mahali panapomulikwa. Chukua mfano wa ndoo ya maji. Ndoo ile ile ikimwagwa uwanjani hukauka bila faida, na ikimwagwa shinani mwa mche huustawisha. Maji ni yale yale. Ndivyo ilivyo kwa taa mbili zenye lumeni 400 kila moja: ya kwanza hutawanya mwanga wake juu ya minazi na machoni mwa watu, ya pili huulaza wote juu ya njia. Tena mwanga hupungua upesi kwa umbali. Mahali palipo mbali mara 2 hupata robo tu ya mwanga, na palipo mbali mara 3 hupata sehemu moja ya 9.

Sasa tuje kwenye maboksi, kwa maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea. Katika maduka ya vifaa na katika mauzo ya simu utakuta taa ndogo ya kiganja iliyoandikwa lumeni 5,000, hata 10,000, kwa bei ya shilingi mia chache. Muuzaji huenda hana kosa, boksi limemfikia likiwa limeshaandikwa hivyo. Lakini mnunuzi anaweza kujikinga kwa hesabu ya shule ya msingi.

Betri inayotiwa katika nyingi ya taa hizi ni ile ya duara iitwayo 18650, jina lililotokana na vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri zilizo bora za umbo hilo hubeba takriban 3,500 mAh, kwa volti 3.7 hivi. Zidisha, kisha ugawe kwa 1,000, utapata karibu wati-saa 13. Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Basi taa ya lumeni 1,000 hula wati 10, na betri moja ya namna hiyo itaiwasha kwa saa moja na robo, ikizidi sana. Boksi likidai lumeni 5,000 kwa muda wa saa 6, linadai wati-saa 300, nazo zinahitaji betri 23. Ndani imetiwa moja, au mbili. Kadhalika ukiona betri ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh, irudishe ilipotoka, kwani ukubwa wake hauwezi kubeba kiasi hicho. Wenye uzoefu huipima kwa mkono. Betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na ya hadaa mara nyingi huwa nyepesi kuliko hivyo.

Kiasi gani basi kinatosha? Jibu limo katika mwendo. Kijana anayekwenda kilomita 20 kwa saa hupita zaidi ya mita 5 na nusu katika kila sekunde. Akiona kitu mbele yake, macho, akili na mikono huhitaji sekunde moja na nusu hivi mpaka breki ishike, na kufikia hapo ameshapita mita 8. Kusimama kwenyewe, penye lami kavu na breki nzima, huchukua mita 4 au 5 nyingine. Jumla yake ni kama mita 13, na penye mchanga au matope ni zaidi. Taa inayoonyesha mita 8 tu humwonyesha shimo ambalo hana budi kuingia. Mwenye taa dhaifu na apunguze mwendo, hilo halina gharama, ingawa wenye vijana nyumbani wanajua kuwa si jambo la kutegemewa.

Nimetaja macho ya watu wengine, na hili linataka kusemwa kwa kirefu, maana taa kali iliyofungwa vibaya ina dhara kwa wawili. Kiwi cha macho si jambo la sekunde moja. Jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali hupoteza uwezo wake, na ili lirudi kikamilifu katika hali ya mwanzo huweza kuchukua dakika 20 hadi 30. Kwa wazee huwa taabu zaidi. Fikiria njia nyembamba ya Ukunda au Kisauni: mwenye pikipiki anakuja, pembeni anatembea mama na mtoto mgongoni, na katikati yupo kijana wa baiskeli mwenye taa iliyoelekea juu. Mwenye pikipiki anatiwa kiwi, anavuta upande ili kumkwepa asiyemwona vizuri, na upande huo ndiko aliko mama. Kijana atapita salama na huenda asijue kilichotokea nyuma yake.

Wazee wetu wa Lamu na wa Mji wa Kale wa Mombasa, waliopishana katika vichochoro visivyotosha watu watatu, walifundishana kuwa ukikutana na mwenzio usiku huinamisha kurunzi ikamulika miguu. Kumpiga mtu kurunzi usoni kulihesabiwa utovu wa adabu. Adabu hiyo ingefaa kuhamia kwenye usukani wa baiskeli.

Wajerumani wameitia katika sheria. Taa ya mbele ya baiskeli nchini Ujerumani haina ruhusa ya kuwatia kiwi wanaokuja, nayo hulazimika kufikisha laksi zisizopungua 10 katika umbali wa mita 10. Kwa hiyo watengenezaji hutia ndani kioo cha kuakisi kinachoukata mwanga kwa juu, kama taa ya gari iliyoshushwa, na sehemu yote ya chini ikajaa nuru. Taa za namna hii huandikwa laksi badala ya lumeni. Huku kwetu hazipatikani kila duka na bei yake ni ya elfu kadhaa, lakini anayeletewa mizigo na jamaa kutoka Ulaya ana nafasi ya kuagiza. Kwa maoni yangu, taa ya lumeni 200 yenye mwanga uliokatwa hivyo ni bora kuliko ya lumeni 800 yenye mwanga wa duara kama wa kurunzi.

Aliye na taa ya duara hana haja ya kuitupa. Aifunge ikiwa imeinama. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, upime urefu wa taa kutoka chini, kisha uishushe mpaka kitovu cha mwanga kiwe ukutani nusu ya urefu huo. Taa iliyo mita 1 kutoka ardhini, kwa mfano, itapiga ukuta kwenye nusu mita, na ukuta ukiondolewa mwanga utaifikia njia mita 10 mbele. Halafu mtu mwingine asogee mbali, asimame kama anayekuja, aseme kama macho yanamuuma. Dada wa kijana ni shahidi mzuri katika jambo hili, hatamstahi kaka yake.

Na ile hali ya kuwaka na kuzima, ambayo vijana huipenda, iachwe kwa mchana. Usiku taa inayopepesa humpa tabu anayekuja kukadiria umbali, na mpandaji mwenyewe huiona njia vipande vipande.

Wasomaji wenye umri wangu wataikumbuka dainamo, ile chupa ya chuma iliyosugua ubavu wa tairi katika baiskeli nyeusi za Raleigh. Ilikuwa ya volti 6 na wati 3, ikiunguruma, ikiufanya mguu uwe mzito, na ukisimama taa inazimika. Balbu za wakati ule ziliugeuza umeme huo kuwa mwanga hafifu uliotaka shukrani zaidi kuliko sifa. LED imebadilisha hali. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kubuni LED ya buluu, ambayo ikipakwa unga wa fosfori wa manjano hutoa mwanga mweupe. Kwa wati zile zile 3, taa ya leo huangaza mara kadhaa zaidi ya balbu ya zamani. Dainamo za kisasa hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, hazina kelele, na taa nyingi zinazoendana nazo huhifadhi umeme kidogo zikabaki zimewaka dakika chache baada ya kusimama. Anayesafiri kila usiku mwendo mrefu, na nyumbani kwake umeme ni wa kubahatisha, atapata faida kubwa humo. Wengine taa ya kuchaji inawatosha.

Kuchaji nako kuna masharti yake. Betri za lithiamu hazichajiwi kitandani, wala karibu na chandarua au pazia, wala usiku kucha watu wakiwa wamelala. Iliyovimba, iliyoanguka ikabonyea, au iliyoingia maji isichomekwe kabisa. Na taa isiachwe juani ndani ya gari au juu ya bati.

Pwani ina adui mwingine, nao ni chumvi ya hewa. Sehemu za shaba na chuma ambako betri hugusana na taa hushika kutu mapema, na taa ikaanza kuzimika kila tairi linapogonga tuta. Kitambaa kikavu kila wiki na vaselini kidogo kwenye nati na maungio husaidia sana. Kwa mvua za masika, tazama boksi kama limeandikwa IPX4, maana yake inastahimili maji yanayoruka kutoka pande zote, au IPX7, ambayo inastahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa. Kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kikipotea, maandishi hayo hayana maana tena.

Pendelea taa inayotoka kwa kubonyeza, mpandaji aingie nayo mfukoni. Mahali ambapo kandambili hazisalimiki mlangoni mwa msikiti, taa itasalimika vipi?

La mwisho si la mbele hata kidogo. Taa bora ya mbele haimsaidii mtu dhidi ya matatu inayomjia kwa nyuma, nayo ndiyo asiyoiona. Kabla hujaongeza elfu moja kutoka lumeni 400 kwenda 800, toa sehemu ya fedha hiyo ununue taa nyekundu ya nyuma na viakisi vya manjano vya pedali. Vile vya pedali hupanda na kushuka pamoja na miguu, na dereva akiviona hutambua mara moja kuwa mbele yake yuko mtu.