Je, Wajua? Kompyuta Huweza Kufanya Kazi Ikiwa Imezama Ndani ya Mafuta

Ukiimwagia maji kompyuta iliyowashwa, huenda ukaiua papo hapo. Lakini ukiizamisha yote ndani ya mafuta safi ya madini, itaendelea kufanya kazi, tena ikiwa imepoa.

Maji tunayotumia yana chumvi zilizoyeyuka, nazo hupitisha umeme pasipotakiwa. Mafuta huuzuia. Katika kipimo cha mafundi, mafuta mapya ya transfoma hutakiwa kuhimili angalau volti 30,000 kwenye pengo la milimita 2.5, ilhali ubao wa kompyuta hutumia volti 12 au pungufu. Isitoshe, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, lita ya mafuta hubeba joto zaidi ya mara 1,000 kuliko lita ya hewa.

Ukitembea Gitega au Muyinga, nchini Burundi, inua macho kwenye nguzo za umeme. Ndani ya kasha la chuma la transfoma, nyaya zilizoviringwa zimezama katika mafuta ya aina hiyo. Yakipata joto hupanda juu, hupoa yakishuka kwenye mapezi ya ubavuni, kisha hurudi chini. Hayahitaji pampu wala feni.

Kwenye kompyuta, mbinu hii ina historia ndefu. Mwaka 1985, kompyuta kuu ya Cray-2 ya Marekani ilipozwa kwa kuzamishwa katika kimiminika chenye florini. Novemba 2013, TSUBAME-KFC ya Tokyo, iliyozamishwa katika mafuta, iliongoza orodha ya Green500 ya kompyuta kuu zinazotumia umeme kwa ufanisi zaidi duniani.

Nyanda za juu za Burundi zina sababu zao za kuifikiria mbinu hii. Gitega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu. Kiangazi nacho huleta vumbi jekundu ambalo feni hulivuta hadi ndani ya mashine. Katika tangi la mafuta, vumbi halina njia ya kufika kwenye prosesa.

Gharama zake lazima zisemwe. Diski za kuzunguka zenye tundu la hewa huharibika zikizamishwa. Maganda ya plastiki ya baadhi ya nyaya hukakamaa, na mafuta hutambaa kando ya waya hadi nje ya tangi. Unyevu ukiingia, uwezo wa mafuta kuzuia umeme hushuka. Vimiminika vyenye florini navyo vina doa: baadhi yake hudumu mno katika mazingira, na mwaka 2022 kampuni ya 3M ilitangaza kuacha kuvitengeneza kufikia mwisho wa 2025.

Kwa kompyuta moja ya shule, kupangusa vumbi kunatosha. Tangi linafaa pale seva nyingi zinapokaa chumba kimoja usiku na mchana, na kiyoyozi kinameza umeme ambao ungewasha mashine nyingine. Siku chumba cha namna hiyo kitakapojengwa Gitega au Muyinga, mafundi wa transfoma waitwe mapema. Kupima mafuta, kuyakinga na unyevu na kuziba uvujaji ni kazi yao ya kila siku.