Ukiulizwa habari yako, usijibu haraka

Leo naomba tushuke pamoja mahali ambapo mwanga wa jua haufiki.

Septemba 1995, wanaume wawili walibeba mitungi ya hewa na kuzama katika Ziwa Superior, lililoko mpakani mwa Marekani na Kanada. Ziwa hilo ni kubwa kwa eneo kuliko hata Ziwa Victoria letu, na maji yake ya chini ni baridi kama ya ndani ya friji, nyuzi 4 hivi. Walikuwa wanakwenda mita 160 chini, kuiona meli ya mizigo iitwayo Edmund Fitzgerald.

Kina hicho si cha mchezo. Uzito wa maji huko unamkandamiza mtu zaidi ya mara 15 ya hapa tulipo. Hewa hii tunayovuta, ukiivuta kule chini, inakulevya na kukudhuru, kwa hiyo mzamiaji hulazimika kubeba hewa iliyochanganywa maalumu. Wawili wale walikaa kwenye mabaki ya meli kwa dakika chache tu. Lakini kurudi juu kuliwachukua saa kadhaa, maana anayepanda haraka kutoka kina kile, gesi iliyoingia mwilini hutoka kama povu la soda iliyotikiswa, na huweza kumuua akiwa amekaribia kabisa kuliona jua.

Walikwenda kuona nini? Sikiliza habari ya meli hiyo.

Ilishushwa majini mwaka 1958, ikiwa na urefu wa mita 222. Novemba 9, 1975, iliondoka bandari ya Superior ikiwa na tani zipatazo 26,000 za madini ya chuma. Kesho yake ikakutana na dhoruba kubwa. Nyuma yake ilifuata meli nyingine, Arthur M. Anderson, na manahodha wakawa wanaongea kwa redio.

Saa 9:30 alasiri, nahodha wa Fitzgerald, Ernest McSorley, alitoa taarifa kwamba uzio wa sitaha umeanguka, matundu mawili ya hewa yameharibika, na meli imeanza kulala upande mmoja. Pampu zilikuwa zinafanya kazi. Baadaye rada zake zikafa, akawa anaongozwa na macho ya wenzake wa nyuma. Jioni alimwambia mtu wa meli nyingine kwamba mawimbi yale ni kati ya mabaya zaidi aliyowahi kukutana nayo.

Ilipofika saa 1:10 usiku, ofisa wa Anderson alimwuliza: yale matatizo yenu yanaendeleaje? Nahodha akajibu, "Tunajimudu."

Hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho. Dakika chache baadaye taa za Fitzgerald hazikuonekana tena, na kwenye rada hapakuwa na kitu. Hakuna wito wa kuomba msaada uliosikika. Watu wote 29 walizama, na hakuna mwili hata mmoja uliorudishwa kwa ndugu zake. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 tunajua uchungu wa namna hiyo.

Msomaji wangu, simhukumu nahodha yule. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi, kama maji yalipitia kwenye vifuniko vya mizigo au kama meli ilipasuka kwa kugonga mwamba, na hawajakubaliana hadi leo. Pengine yeye mwenyewe aliamini kabisa kwamba anajimudu. Hilo ndilo linalonitisha.

Maana jibu lake ni jibu letu. Jumapili mlangoni mwa kanisa tunaulizana, "Habari za wiki?" Tunajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Mchungaji akisema Mungu ni mwema, tunaitikia kwa sauti, wakati wote! Ni kweli, Mungu ni mwema wakati wote. Lakini je, sisi ni wazima wakati wote?

Yuko mama anayeongoza sifa, na tangu mwaka jana hazungumzi na mumewe isipokuwa mbele ya wageni. Yuko mzee wa kanisa ambaye deni la kausha damu limekula mshahara, limekula shamba, sasa linanyemelea nyumba. Yuko kijana wa kwaya ambaye usiku amewahi kuwaza kwamba afadhali asingekuwepo. Wote watatu watakuja leo wamevaa vizuri. Ukiwauliza watasema, "Tunajimudu tu, ndugu yangu."

Kwa nini tunajibu hivyo? Wakati mwingine ni aibu. Wakati mwingine ni kwa sababu waliosema ukweli zamani walikuta habari zao zimefika sokoni kabla wao hawajafika nyumbani. Hapo kosa si la anayeficha peke yake. Kanisa ambalo haliwezi kutunza siri limewafundisha watu wake kusema uongo mlangoni.

Biblia haitufundishi kujibu kwa heshima huku tunazama. Mwandishi wa Zaburi ya 130 anamlilia Bwana akiwa vilindini, wala hangoji kwanza atoke huko ndipo aombe. Yona aliomba akiwa tumboni mwa samaki. Petro alipoanza kuzama hakusema anajimudu, alipiga kelele aokolewe, na mkono wa Yesu ukamshika mara moja.

Sasa mwangalie nahodha wa Anderson, Jesse Cooper. Usiku ule alikuwa ameshafika penye usalama wa ghuba. Walinzi wa pwani wa Marekani walipomwomba arudi kuwatafuta wenzake, alijua vizuri kilichoko nje, maana ndiko alikotoka. Aligeuza meli akarudi kwenye dhoruba. Hakumpata mtu, ila mabaki na boti za kuokolea zilizoharibika. Lakini alirudi. Paulo anapotuambia katika Wagalatia 6 tuchukuliane mizigo, nadhani maana yake ni kitu kama hicho: mtu aliyekwisha kuvuka anakubali kulowa tena kwa ajili ya mwenzake.

Na ukimpata aliyezama, kumbuka wale wazamiaji wawili. Usimpandishe haraka. Sisi tunapenda mtu aliyeanguka atubu Jumatano na atoe ushuhuda Jumapili. Mtu aliyekaa kilindini anahitaji kupanda kidogo, asimame, apumue, apande tena. Mwache apone kabla hujampa kipaza sauti. Kaa naye njiani.

Asubuhi ya Novemba 11, 1975, katika kanisa la mabaharia jijini Detroit, Mchungaji Richard Ingalls alipiga kengele mara 29, mara moja kwa kila mtu. Miaka 20 baadaye, Julai 1995, kengele ya meli yenyewe ilipandishwa kutoka chini. Mahali pake ikawekwa nyingine, yenye majina ya wote 29. Leo kengele ile ya zamani imo katika jumba la makumbusho la Whitefish Point, na mahali meli ilipolala panaheshimiwa kama kaburi, huwezi kuzamia bila kibali.

Ni jambo jema kuwapigia kengele waliokufa. Lakini walio hai wanahitaji kuulizwa mara ya pili. Leo baada ya ibada, chagua mtu mmoja. Muulize habari yake. Akisema nzuri, usiondoke. Muulize tena, kwa upole, mkiwa wawili tu, kisha nyamaza usikilize, na utakalosikia life nalo kifuani mwako.

Na kama anayezama ni wewe, usingoje hadi taa zizimike. Zaburi ya 139 inatuhakikishia kwamba hata mtu akikaa pande za mwisho za bahari, mkono wa Mungu uko huko ukimwongoza. Mwambie Mungu ukweli leo, kisha mwambie na ndugu mmoja unayemwamini.