Gololi za Udongo kwa Mboga za Ndoo: Ufinyange au Ununue?

Mtu wa Garsen akiambiwa kwamba gololi za udongo wanazopandia mboga watu wa haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo, huletwa kutoka ng'ambo, hucheka kwanza. Kwao, Bonde la Tana, kumejaa udongo wa mfinyanzi. Masika unanasa magurudumu ya trekta, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Udongo wa nini tena uje kwa meli?

Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye moto zaidi kuliko kwenye udongo.

Mzizi wa sukuma wiki hauhitaji udongo ili uishi. Unahitaji maji, chakula kilichoyeyuka ndani ya maji hayo, kitu cha kuushikilia mmea usianguke, na hewa. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau: mzizi unapumua, na ukizama kwenye maji yasiyo na hewa huoza. Gololi zikijazwa ndooni huacha mianya mikubwa kati yake. Maji ya mbolea hupita na kulowesha, kisha hewa huingia mahali pake. Kila kitu kingine kinachosifiwa kuhusu gololi hizi ni nyongeza juu ya hilo.

Zile za kiwandani huchomwa katika tanuri refu linalozunguka, joto likifika nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Hapo uso wa udongo huanza kuyeyuka na kuwa kama kioo, huku ndani chuma na mabaki ya mimea vikitoa gesi. Gesi haipati pa kutokea, na gololi inaumuka. Stephen Hayde, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya matofali, alipata hataza ya njia hii mwaka 1918, baada ya watengenezaji kuyatupa kwa miaka mingi matofali yaliyovimba tanurini. Kwanza zilitumiwa kwenye zege nyepesi; meli ya zege iitwayo Selma, iliyoshushwa majini 1919, ilijengwa kwa kokoto za namna hiyo. Mboga zilikuja baadaye sana.

Moto wa kuni uani hufika nyuzi 600 hadi 850 hivi. Kwa hiyo tukubaliane mapema: ukichoma gololi Garsen, utapata kigae cha mviringo, hutapata gololi iliyoumuka. Lita moja ya gololi za kiwandani ina uzito wa gramu 300 hadi 400. Ya kwako itakaribia kilo moja. Ndoo ya lita 20 itakuwa na karibu kilo 20 kabla hujatia maji. Kwa ndoo zilizokaa chini ukutani hilo si tatizo. Kwa mabomba yaliyotundikwa kwenye fremu ya miti, usijaribu.

Mimea haijali uzito, na kigae kina vinyweleo vinavyofyonza maji vizuri. Unaweza kuviongeza kwa kumvi za mpunga. Zitwange, uzichekeche, kisha changanya kipimo kimoja cha kumvi na viwili au vitatu vya udongo mkavu uliopondwa. Kumvi zikiungua ndani ya moto huacha matundu. Vichujio vya maji vya udongo hutengenezwa kwa maarifa hayohayo.

Udongo gani? Uache ule mweusi unaopasuka sana. Hunywea mno ukikauka, na gololi hupasuka kabla ya kuona moto. Wa kahawia wa kingo za mto, wenye mchanga kidogo, ni bora. Hata huo una maadui wawili.

Wa kwanza ni vijiwe vyeupe vya chokaa. Watu wa pwani wanajua tanuu la chokaa: jiwe la matumbawe likichomwa kisha likimwagiwa maji huvimba na kupasuka. Kijiwe kidogo kama punje ya mchele ndani ya gololi hufanya hivyohivyo, siku chache baada ya moto, unapodhani kazi imekwisha. Kausha udongo, uponde, uupitishe kwenye wavu wa dirisha. Ukidondoshea siki au ndimu ukatoa povu jingi, tafuta kwingine.

Wa pili ni chumvi. Kuelekea Ozi na Kipini, kwenye mlango wa mto, maji ya mto yakipungua bahari hupanda, na udongo hubaki na chumvi ambayo moto hauiondoi. Loweka gololi chache zilizochomwa katika maji ya mvua, acha maji yakauke kwenye sahani. Ukiona ukoko mweupe, mchicha wako utauona pia.

Finyanga gololi za sentimita moja hadi moja na nusu. Zikaushe kivulini wiki nzima, kisha juani. Maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kuzilipua. Zitie kwenye debe lililotobolewa, lizungushie kuni, anza na moto mdogo, kisha uukoleze mpaka gololi ziwe nyekundu ya kuelekea rangi ya chungwa, na uzishikilie hapo nusu saa au zaidi. Kuni za mathenge, ule mti vamizi, zinafaa kabisa, na sijui mfugaji wa Tana River atakayeulilia mti huo. Acha zipoe zenyewe hadi kesho yake. Osha majivu yote, maana yanapandisha pH, na mboga nyingi hutaka maji ya 5.5 hadi 6.5. Loweka moja usiku kucha: ikilainika, haikuiva.

Ukinunua, dai gololi za kupandia, si kokoto za urembo. Nyingi ziwe zinaelea mwanzoni, na zioshwe vumbi jekundu lisije likaziba pampu.

Kwa maoni yangu, anayetaka ndoo tatu nne za mboga asifinyange wala asinunue. Matofali ya kuchoma yaliyovunjika, yakipondwa na kuchekechwa, ni kigae kilekile. Kwa zaidi ya hapo ningetafuta vumbi la makumbi ya nazi, lioshwe vizuri kwa sababu nalo hubeba chumvi, au pumisi, jiwe jepesi la volkano kutoka Bonde la Ufa. Hivyo viwili ndivyo vinavyobeba mawaridi mengi ya Naivasha. Changarawe ya matumbawe ya Malindi iache kwa wajenzi: ni chokaa tupu, na itakusumbua pH kila siku.

Mwisho wa msimu mwaga gololi juani, ondoa mizizi mikavu, zichemshe au zioshe kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa na uzisuuze, kisha panda tena. Zilizomeguka zitie chini ya ndoo, karibu na tundu la kutolea maji.