Kabla ya Kununua Diski Nyingine, Bana Picha Zako

Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, hula takribani megabaiti 26 usipobanwa. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 26, na nakala ya akiba hufanya 52. Ndiyo maana diski hujaa upesi.

JPEG ya kawaida, ya mwaka 1992, hufunguka kwenye kila simu. Kwa picha za harusi za kutumiana, inatosha, usilipe zaidi. Ila huikata picha miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ukiibana sana miraba huonekana. Kila ukiihariri na kuihifadhi upya, hupoteza kidogo tena.

JPEG 2000 hutumia wevuleti: huchambua picha nzima ngazi kwa ngazi, umbo kubwa kwanza, kisha vijistari vyake. Ikibanwa mno hufifia, haitoi miraba. FBI ya Marekani ilichukua njia ya wevuleti kwa alama za vidole miaka ya 1990, ikizibana kama mara 15, kwani miraba ya JPEG ilikuwa ikiharibu mistari ya vidole.

Hapa ndipo wateja wanapopunjwa. JPEG 2000 ina vichujio viwili. Cha 5/3 hupiga hesabu kwa namba nzima, hivyo kinaweza kurudisha kila pikseli ilivyokuwa. Cha 9/7 hutumia desimali: faili ni dogo zaidi, lakini usitegemee kupata picha ileile, hata ukiambiwa ni "ubora wa juu kabisa". Yote mawili huishia na .jp2! Ukimpa mtu kazi ya kuskani, mwandikiane kabisa: 5/3, bila kupoteza chochote.

Tegemea nini? Bila kupoteza, faili hupungua kama nusu. Zile gigabaiti 26 huwa 13 hivi. Ukikubali kupoteza, ukabana mara 10, ni 2.6. PNG nayo haipotezi kitu na hufunguka kokote. Kwa michoro na picha za skrini ichukue hiyo. Kwa fotografia mara nyingi faili lake huwa kubwa zaidi.

Programu usinunue. OpenJPEG ni ya bure, na usipobadilisha kitu hubana bila kupoteza. Gharama yake ni muda, maana kompyuta ya zamani itajikokota, na vivinjari vingi havifungui .jp2, kwa hiyo utahitaji nakala ndogo za JPEG za kutuma.

Hati za shamba na picha za marehemu babu zitie kwenye 5/3. Risiti zibane kwa JPEG. Na usifute faili za awali kabla hujafungua zile mpya kwenye kompyuta nyingine.