Ramani ya Rubani

Neno rubani ni la kale. Mabaharia wa pwani walimwita hivyo yule ajuaye miamba na mikondo, aongozaye chombo mpaka bandarini. Mwenye kuendesha ndege naye huitwa rubani, na jina lamfaa, kwa kuwa miamba yake ni milima.

Watu wa Mbeya waliziona ndege mapema. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, zilizochukua barua kutoka Uingereza mpaka Cape Town, zilianza kutua hapo zitokapo Dodoma.

Basi na tumfuate mwanafunzi wa urubani atakaye kuruka kutoka Songwe, kiwanja cha Mbeya kilichofunguliwa mwaka 2012, kwenda Nduli, kiwanja cha Iringa. Kwanza hutandaza ramani ya anga, ambayo sentimeta 1 ya karatasi ni kilomita 10 za nchi. Hupiga mstari, akaupima, akapata sentimeta 30 hivi, yaani kilomita 300. Kisha hutazama tarakimu za vimo zilizo kando ya mstari. Hapo ndipo penye uhai wake.

Vimo hivyo hupimwa kwa futi tangu usawa wa bahari, wala si tangu ardhi iliyo chini ya ndege. Songwe ni futi 4,400 hivi. Lakini Kilele cha Mbeya, kilicho karibu na mstari ule, chapita futi 9,200. Kipimo cha ndege kikionyesha 8,000, asiyejua hudhani yu juu ya kila kitu. Kumbe kilele kimempita kwa futi zaidi ya elfu, na pengine wingu limekificha.

Lakini ramani peke yake haitoshi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hutoa kitabu cha taarifa za anga, chenye habari za kila kiwanja: kimo chake, urefu wa njia ya kurukia, na masafa ya redio. Mabadiliko makubwa huanza kutumika kwa tarehe zilizopangwa, zilizoachana siku 28. Jambo la ghafula, kama kiwanja kufungwa, hutolewa katika tangazo fupi liitwalo notamu.

Kwa hiyo mwanafunzi mwangalifu hutazama tarehe ya karatasi kabla ya kuiamini. Mlima hauhami, na ramani ya zamani husema kweli juu yake. Lakini haiujui mnara uliojengwa baadaye. Asome yote kabla ya kuwasha mashine, maana angani hapana kando ya njia pa kusimama akafikiri.