Mapambo ya Fedha na Majina Yake: Mkusanyaji na Msamiati wa Mwambao

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Mombasa bangili moja kuukuu ya fedha, bapa na pana, yenye nakshi zilizokwisha kulika kwa kuvaliwa. Sonara aliipima, akanitajia gramu zake na bei yake. Nilipomwuliza jina lake, alinijibu kwamba ni bangili. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akingoja zamu yake akaichukua, akaigeuza, akasema: "Hii ni kekee, mwanangu. Na mwenziwe yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo chanzo cha hoja ya mhadhara huu: pambo la kale linalomtoka mwenyewe bila jina lake huwa limekwisha kupotea nusu, na nusu hiyo inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyomhusu sonara.

Tuitazame kekee yenyewe. Kwa seremala neno hili ni chombo cha kutobolea mbao. Kwa mwanamke wa mwambao lilikuwa bangili ya umbo maalumu, tofauti na timbi, tofauti pia na banagiri yenye vichomozo. Furungu nalo ni tunda kubwa la jamii ya michungwa, na papo hapo ni pambo la mguuni. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson iliyochapishwa mwaka 1939, zimeyahifadhi maneno mengi ya namna hii, lakini mara nyingi fasili hukomea kwenye "aina ya bangili" au "aina ya pambo". Aina gani? Jibu limo katika kitu chenyewe, na kitu chenyewe kinayeyushwa.

Gharama ya upotevu huu humwangukia msomaji wa tenzi. Katika utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye mwaka 1858, miongoni mwa mapambo anayomwusia asiyavue yamo kidani na kifungo. Mwanafunzi wa leo anakijua kifungo cha shati na kifungo cha jela; cha shingoni hakijui, na mwalimu asiyepata kukiona humweleza kwa kubahatisha.

Mambo ya sikio ni magumu zaidi. Leo twasema herini, neno lililotokana na Kiingereza, kwa karibu kila kinachovaliwa sikioni. Zamani lugha ilipambanua. Jasi lilikuwa kisahani kilichotiwa ndani ya ndewe, yaani tundu la ncha ya chini ya sikio, kipuli kilining'inia. Desturi ya kuitanua ndewe ilipofifia, majasi makubwa yalikosa pa kukaa. Hayakutupwa. Pambo ni mali ya mwanamke mwenyewe, akiba yake ya siku ya shida, kwa hiyo aliweza kuliuza kwa uzito wake na kununua dhahabu mahali pake. Sioni haki ya kumlaumu; aliyestahili kuuliza jina ni mnunuzi.

Kuhusu umri wa mapambo haya, tahadhari inahitajika. Mafundi wa mwambao na wa Oman waliyeyusha sarafu ili kupata fedha, hasa riale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 hivi na fedha halisi sehemu 833 katika 1,000. Ndiyo maana pambo laweza kukosa muhuri wa 925 na likawa la kweli. Tena, riale ikiwa imening'inizwa kwenye mkufu, mwaka 1780 ulioandikwa juu yake hausemi lolote juu ya umri wa mkufu: sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile muda mrefu baada ya mwaka huo, si Vienna tu, bali kwa nyakati mbalimbali Rome, London na Bombay pia. Hirizi za fedha za Oman na za mwambao nazo hufanana mno. Ushuhuda wa familia ukikosekana, heri kuandika "Oman au Unguja" kuliko kudai usichokijua. Na weusi uliotulia ndani ya nakshi usisuguliwe hadi uishe, kwa maana ndio unaoifanya kazi ya fundi isomeke.

Kwa hiyo mkusanyaji na awe na kadi kwa kila pambo. Uzito na vipimo huandikwa kwa dakika moja. Linalodai subira ni jina kama mwenyewe anavyolitamka, kwa lahaja yake, bila kusanifishwa. Kisha mtaa lilikotoka, kiungo lilipovaliwa, ni moja au jozi, na lilitolewa sandukuni siku gani. Haya huulizwa kabla ya bei, kwani bei ikishatajwa mazungumzo hubadilika.

Kadi ya kekee yangu ina jina, uzito na mji. Mahali pa mwenziwe pangali patupu.